Mbuzi Aliyeshuka Kwenye Gari la Stima

Mtaani Mowlem, Nairobi, kuna watu wanaoamini, kuna watu wanaochunguza, halafu kuna Simiyu. Simiyu ukimsalimia habari ya asubuhi, atatazama kwanza kama kweli ni asubuhi. Mkewe, Nerima, amempikia chai tangu nywele za wote wawili zikiwa nyeusi, na bado mwanamume huyo huinusa kabla ya kuinywa. Pesa za simu zilipoanza, yeye alikaa pembeni akiwaangalia majirani wakitumiana, akisubiri waibiwe awacheke. Walipokosa kuibiwa, akaenda kujisajili shingo upande, akamwambia binti wa dukani, "Najiunga, lakini mjue najua mnachofanya." Binti akamwuliza wanafanya nini. Simiyu akasema hilo si swali la kumwuliza mteja.

Kazi yake ni gari la kukodi. Analo moja la mgongo mrefu, la dizeli, ambalo wiki hii litabeba jeneza kwenda Bungoma na wiki ijayo litabeba bibi harusi kwenda Kayole, na hakuna bibi harusi aliyewahi kulalamika, maana hakuna aliyewahi kuambiwa. Likipanda kilima hukohoa kama shemasi aliyechelewa anayetaka kanisa lijue amefika. Simiyu hulipenda kwa sababu moja tu: likiwa na ugonjwa, linasema. Likiumwa na kichwa linapiga kelele za kichwa, likiumwa na tumbo linanguruma. "Kitu kinachonyamaza," husema, "kinakupangia."

Madereva wenzake wa Mowlem, wale wanaoegesha pale kwa kuoshea magari, ndio waliomfanya mwenyekiti wa chama chao. Wengine walikuwa na Kizungu, wengine walikuwa na sura ya kupigwa picha, lakini hao wote walikuwa na bei. Simiyu hakuwa na bei. Kuna mwuza magurudumu mmoja aliyewahi kuwatembelea na kreti nzima ya soda ili wamsikilize vizuri. Simiyu aliamuru kreti iwekwe chini ya benchi, wakamsikiliza na koo kavu, kisha mgeni akarudishiwa soda zake zote na vifuniko vyake juu. Walikasirika siku hiyo. Lakini kesho yake walianza kujivunia jambo hilo hata mbele ya madereva wa mtaa wa Umoja. "Mwenyekiti wenu anakula, wetu hata hanywi." Jina hilo ndilo mali ya Simiyu. Nyumba ni ya kupanga na gari linazeeka, lakini jina hilo alikuwa amelijenga mwenyewe, na hakuna kitu kingine duniani alichokilinda hivyo.

Sasa ikaja amri.

Kampuni moja ya mjini, ambayo huwapa kazi ya kuchukua wageni uwanja wa ndege, ilituma neno kwamba kuanzia mwaka mpya mgeni wake hatapanda gari la mafuta tena. Ni gari la stima, linalokwenda kwa umeme, au dereva akae nyumbani alee watoto. Asiye nalo atapewa kwa mkopo na akabidhi lake la zamani. Chama kizima kijibu kwa pamoja, ndiyo au la, na mkutano wa kujibu ukawekwa Jumapili ya wiki ya pili, baada ya kanisa.

Ungefikiri wangesema la siku hiyohiyo. Lakini kampuni ilikuwa na akili za nyoka. Magari yenyewe hayakuwa vile vigari vidogo vya stima vinavyofanana na friji iliyolazwa. Yalikuwa yale makubwa marefu, ya mabosi, yanayokanyaga shimo kama hayajaambiwa kuna shimo. Na mwanamume wa Eastlands, umri wowote, dini yoyote, mwonyeshe gari lililo juu ya magari mengine na moyo wake utaanza kujifunza kuendesha.

Hapo pakawaka. Shitanda, dereva mwenye sauti kuliko wote na ndevu chache kuliko wote, alikuwa upande wa la. "Simu yangu chaji ikiisha naazima chaja kwa jirani," alisema. "Gari chaji ikiisha pale Mlolongo na mgeni Mzungu yuko ndani, nitaazima ya nani? Ya punda?"

Walter Ooko, ambaye husema mambo yote kana kwamba anayasema kitandani, akamjibu, "Shitanda, wewe hilo lako la petroli juzi tulilisukuma watu wote hawa. Tulikuwa punda bila kuitwa."

"Na stima ikipotea?"

"Utalala kama wengine."

"Fundi wetu je? Atafungua boneti akute hakuna kitu cha kugonga. Na ukishakabidhi gari lako," Shitanda akaendelea, "umekuwa kibarua. Leo amri ni gari, kesho amri ni shati, kesho kutwa wanakwambia utabasamu na meno mangapi."

Simiyu alisikiliza yote akitikisa kichwa kwa pande zote mbili, kwa sababu aliwashuku wote wawili. Ila yeye alikuwa na mwiba wake peke yake. Aliyekuwa akiuza magari hayo, pale kwenye yadi iliyoshirikiana na kampuni, alikuwa Luseno. Na Luseno alikuwa mume wa Triza. Na Triza alikuwa binti yake Simiyu wa kumzaa.

Simiyu hakuwaficha wenzake. Alisimama mbele yao na kusema, "Anayeuza ni mkwe wangu. Nimesema mimi kabla hamjasema nyinyi. Mpaka tupige kura, sitapokea kwake hata maji ya kunywa." Wote wakakubali kwamba hayo ni maneno ya mwanamume. Ooko akasema tu, "Tumesikia, mwenyekiti. Maji," na kulirudia lile neno la mwisho polepole, kama mtu anayeweka kitu mahali atakapokipata.

Jumamosi iliyofuata, wiki moja kabla ya kura, Luseno akaja Mowlem.

Hapa lazima mtu aelewe mambo ya Nerima. Nerima ni mtoto wa Bungoma, na kwao mama mkwe na mkwe mwanamume huheshimiana kwa umbali. Hawashikani mikono. Hawali meza moja. Mkwe akiingia kwa mlango wa mbele, mama mkwe hutoka kwa wa nyuma. Katika ploti ya Mowlem yenye mlango mmoja, geti moja na bomba moja la maji uani, hilo si jambo dogo, na Nerima alilimudu kwa masikio. Gari la kwanza la Luseno lilikuwa kizee chenye bomba la moshi lililotoboka. Lilisikika tangu Kayole, mtaa wa jirani. Likianza kunguruma huko, Nerima alikuwa na nafasi ya kusuuza nguo yake, kuikamua, kuianika, kujifunga leso, kuingia chumbani na kuvuta pazia, na bado akasubiri. Tangu harusi, Luseno alikuwa hajamwona mama mkwe wake ila kitambaa cha kichwa, tena kwa mbali. Watu wa kwao walimsifu kijana huyo kwa heshima, lakini nusu ya heshima hiyo ilikuwa ni lile bomba la moshi.

Jumamosi hiyo Simiyu alikuwa ndani akinyoa ndevu. Nerima alikuwa uani kwenye bomba, ameinama juu ya beseni, amevaa petikoti na blauzi iliyostaafu, leso iko kwenye kamba ikikauka, anaimba wimbo wa kanisani ubeti wa pili. Wapangaji wote wa ploti walikuwa sokoni. Geti lilikuwa wazi. Simiyu hakusikia gari. Alisikia wimbo ukikatika katikati ya neno, beseni likianguka, miguu ikikimbia, kisha mlango wa chumbani ukifungwa kwa kishindo kilichomfanya ajikate kidevu.

Akatoka na povu shavuni. Uani, kati ya kamba za nguo, lilikuwa limesimama gari jeupe refu kama kabati la askofu, na kando yake Luseno, amegeukia ukuta, mikono yote miwili usoni, maji ya sabuni yakimpitia chini ya viatu.

"Baba," Luseno aliuambia ukuta, "shikamoo."

"Umeona nini?"

"Sikuona kitu, baba."

"Alikuwa ameshika nini?"

"Beseni."

"Basi umeona," Simiyu akasema.

Kutoka chumbani hakukuwa na sauti yoyote, na Simiyu, kama tulivyosema, anaogopa vitu vinavyonyamaza. Akaona heri amwondoe kijana huyu hapa. Akajifuta povu, akavaa kofia yake, akamwambia alirudishe gari barabarani, akapanda kumsindikiza. Ndivyo alivyojikuta amekaa ndani ya lile gari.

Alikaa kama mtu aliyekalia yai. Lakini kiti kilimpokea kama kinamjua, kikamshika kiuno pale hasa ambapo dizeli imekuwa ikimuumiza miaka yote. Hewa baridi ikamjia bila vumbi. Barabara ya Spine, ambayo mashimo yake humjua Simiyu kwa jina, siku hiyo haikumtambua. Aliyatazama mapaa ya magari ya wengine, akaona jinsi yalivyo machafu kwa juu, na akapendezwa kuyaona. Halafu akajikamata akipendezwa, akashtuka. Kitu kizuri hivi, akawaza, lazima kina mlango wa nyuma.

Luseno hakusema neno lolote juu ya kura, na hilo lilimtia Simiyu shaka kuliko kama angesema. Kijana alizungumza habari moja tu.

"Baba, nisamehe. Hili gari lina kasauti kake kadogo likienda polepole, ka watu wa miguu. Mimi ndiye nilikazima pale kwa kona."

"Kwa nini?"

"Nilitaka usikie vile halisikiki."

"Basi tumesikia," Simiyu akasema. "Wote wawili."

Waliporudi wakipita pale kwa kuoshea magari, Simiyu alikumbuka maji aliyoapa kutoyanywa, akateleza kwenye kiti mpaka macho yake yakawa sawa na dirisha. Shitanda, aliyekuwa akisugua tairi la gari lake, aliona kofia aijuayo ikipita yenyewe ndani ya gari asilolijua. Alisugua polepole zaidi.

Nyumbani, Nerima alikuwa amekwisha kupiga simu Bungoma kwa shangazi yake, mama mzee ambaye hukumu zake za ukweni hazina rufaa. Shangazi alikuwa kwenye spika, akiongea kama anayejaribu kufika Nairobi bila kutumia simu.

"Mbuzi mmoja na blanketi," shangazi akasema. "Kabla ya Jumapili ijayo kuchwa. Na Triza asiingize mtoto humo ndani mpaka mbuzi aingie. Mtoto hapiti juu ya aibu."

Hapo Simiyu akakaa. Triza alikuwa amejifungua kijana, wakampa jina la babu yake, na siku ya kuletwa Mowlem ilikuwa ni hiyo Jumamosi ijayo. Simiyu alikuwa amekwisha kumnunulia soksi, akazikagua kama ni za pamba kweli.

"Shangazi," akasema, "mbuzi aje Jumatatu. Jumapili nina mkutano, na huyu kijana ana jambo kwenye mkutano huo. Watu watasema ni hongo."

"Ni mama mkwe wa mkutano ndiye aliyeonwa?"

"Hapana, shangazi."

"Basi mkutano ungoje."

"Kama ni lazima, nitatuma gari langu limchukue mbuzi."

"La. Kilichokosa ndicho kirudi. Gari lililonyamaza ndilo lirudi likisema."

Simu ilipokatika, Simiyu akamgeukia mkewe kwa ile sauti ambayo waume huitunza kwa siku za shida. "Mama Triza, ni siku moja tu. Nikipokea mbuzi Jumamosi na nikae kwenye kiti Jumapili, mimi nimekwisha. Hilo jina nimelijenga kwa miaka."

Nerima alikuwa akikunja lile petikoti, akilikunja dogo, dogo zaidi. "Na mimi nikae na aibu yangu kwenye beseni," akasema, "ndio wanaume wa kuoshea magari wapate usingizi?"

"Basi niwaeleze ni mbuzi wa nini."

Mkono wa Nerima ukasimama. "Utawaeleza nini? Utasema mke wangu alikuwa amevaa hivi? Shitanda aende akalisimulie Umoja?" Akaliingiza petikoti chini ya godoro. "Ukisema neno moja, Baba Triza, nitarudi kwetu na huyo mbuzi."

Kwa hiyo Simiyu aliishi wiki hiyo na njia mbili, zote zikielekea shimoni. Akisema, anamvua mkewe nguo mara ya pili. Akinyamaza, anakuwa kile kitu ambacho mwenyewe hukiogopa: kinachonyamaza na kupanga. Alimpigia Luseno kumwambia angalau aje kimyakimya, asubuhi, watu wakiwa kazini. Halafu akasikia alichokisema, akakata simu mwenyewe.

Jumamosi ikafika, na Luseno, kijana mwenye adabu, alikuja kurekebisha kosa lake kikamilifu. Alianza kupiga honi Kayole. Akapiga honi kwenye mzunguko, akapiga honi mbele ya kanisa ambamo kwaya ilikuwa ikifanya mazoezi, akapiga honi nyumba kwa nyumba, ili mama mkwe asikie, ajifiche, na dunia yote iwe shahidi kwamba safari hii ameonya. Dunia ilitoka nje. Wanawake walitoka na miiko. Na pale kwa kuoshea magari, madereva wote wa chama walisimama na matambara yao, wakalitazama gari la stima likipita polepole likilia kama gari la msiba, Triza kiti cha mbele na mtoto, na nyuma, kwenye kiti cha ngozi, juu ya karatasi ya nailoni, amesimama mbuzi mweusi mwenye ndevu, kichwa nje ya dirisha, akiwatazama mmoja mmoja kama mgeni wa heshima.

Walilifuata kwa miguu hadi getini. Walimwona mbuzi akishuka. Walimwona Simiyu akimpokea kamba.

Ooko alikuwa wa kwanza kusema, kwa upole kabisa. "Mwenyekiti," akasema, "yale maji yameota pembe."

Simiyu alifungua mdomo. Nyuma yake pazia la chumbani lilitikisika kidogo. Akafunga mdomo. Akamvuta mbuzi ndani, akafunga geti, na siku hiyo akampakata mjukuu wake kwa mara ya kwanza. Mtoto alikuwa mzito, mwenye mashavu, mwenye paji la uso la kushuku. Simiyu alimtazama na kufurahi, lakini nusu ya furaha ilikuwa imebaki nje ya geti.

Mkutano ulikuwa kwenye darasa la chekechea ambalo chama hukopeshwa siku za Jumapili. Wanaume wazima walikaa kwenye viti vya watoto, magoti yakiwafikia masikioni, chini ya picha ya ndizi na picha ya sungura. Simiyu alifungua kwa sala. Hakuna aliyesema amina isipokuwa Ooko, na hata yeye aliisema kwa mazoea.

Shitanda akasimama. "Kabla ya mambo ya stima, nina swali. Mbuzi ni wa nini?"

"Ni jambo la nyumbani."

"Nyumbani kwa nani? Kampuni inataka tuseme ndiyo. Anayeuza magari ni mkwe wako. Wiki iliyopita niliiona kofia yako ndani ya gari, kichwa kikiwa kimejificha. Jana mbuzi anashuka kwenye gari hilohilo, na honi juu, kama harusi. Sisi soda tulinyimwa, buda. Soda."

"Hata baridi hazikuwa," mmoja akasema kutoka nyuma, kwa uchungu wa zamani.

"Shitanda, nakuambia kwa jina la Mungu, huyo mbuzi hana uhusiano na kura."

"Basi ana uhusiano na nini?"

Simiyu aliwatazama. Alizijua nyuso hizo zote. Ndivyo mizani yake ilivyokuwa: alikuwa amezipima moja moja kwa miaka. Sasa zilikuwa zikimpima yeye, na alitambua jinsi kazi hiyo inavyofanywa: jicho moja dogo, kichwa upande. Hivyo ndivyo alivyokuwa akimwangalia kila mtu. Alikuwa na sentensi moja tu ya kujiokoa, na sentensi hiyo ilikuwa chini ya godoro, imekunjwa ndogo.

"Siwezi kusema," akasema.

Darasa likaguna.

"Kwa hiyo kiti ni hiki." Akasimama, na kile kiti cha mtoto kikasimama naye kidogo kabla ya kumwachia kiuno. Hakuna aliyecheka. "Chagueni mwingine. Mkiniuliza kama nimenunuliwa, sijanunuliwa. Mkikataa kuamini, hata mimi nisingeamini."

Alikuwa amefika karibu na mlango ulipofunguliwa kutoka nje. Nerima alikuwa ametoka kanisani na akina mama wenzake, kitambaa cheupe kichwani, Biblia chini ya kwapa. Madirisha ya chekechea ni mafupi na sauti ya Shitanda ni ndefu. Walikuwa wamesikia kila kitu tangu soda. Wenzake walibaki nje. Yeye akaingia, akasimama chini ya picha ya sungura, na wale wanaume kwenye viti vyao vidogo wakawa wanamfikia kiunoni.

"Habari zenu," akasema. "Mbuzi ni wangu, si wa Baba Triza. Mkwe wangu alinikosea upande wa ukweni, wazee wangu wakamtoza. Anayetaka kujua alinikosea vipi," akamtazama Shitanda, "amlete mama mkwe wake hapa. Nitamweleza yeye, naye atamweleza."

Hakuna mwanamume mle ndani ambaye hakuwa na mama mkwe mahali fulani, Busia, Siaya, Vihiga, akiwa hai au akiwa kaburini lakini bado mkali. Kila mmoja alimwona wake akiingia mlango huo. Kisha, mmoja baada ya mwingine, walianza kuelewa: gari lisilosikika, geti, uani, Jumamosi asubuhi. Ooko alifunika uso kwa kiganja. Shitanda alitazama sakafu kwa bidii kama aliyeangusha sindano.

"Nimesema," Nerima akamalizia, akatoka.

"Mwenyekiti," Shitanda akasema bila kuinua macho, "rudi ukae. Tuendelee."

"Sirudi leo," Simiyu akasema. "Mbuzi ni wa mke wangu, sawa. Lakini mkwe bado ni wangu, na gari lile," akasita, maana ni vigumu kwa mtu kama yeye kukiri kitu kizuri, "gari lile ni tamu. Nilipanda. Kiti kilinishika kiuno. Sijui tena kama nalikataa kwa sababu ni baya au kwa sababu nimelipenda. Mtu wa hivyo asiendeshe kura. Ooko, kaa hapa."

Ooko akakaa. Walijadiliana mpaka sauti zikakauka. Aliyekuwa na baridi yabisi alisema stima ndiyo, apumzishe mgongo. Mwingine akasema kukabidhi gari lako ni kukabidhi miguu. Na sasa kulikuwa na hoja mpya ambayo kampuni ya mjini, pamoja na wasomi wake wote, haikuwa imeiandaa: mtu atafikaje ukweni na kitu kisichosema? Wazo la kupiga honi lilitajwa, likakataliwa na wote waliokuwa na masikio jana. Mwishowe la ilishinda ndiyo kwa kura chache. Kampuni ikajibiwa kwamba magari ya stima wanaweza kuyajaribu, lakini hakuna atakayekabidhi lake. Simiyu hakuinua mkono popote, na Shitanda, akihesabu, alimtupia jicho kuona mkono huo umejificha wapi.

Simiyu alirudi nyumbani jioni na njaa ya mkutano. Harufu ilimpokea tangu kwa jirani: nyama ya kuchoma, chumvi, supu ikichemka na majani yake. Uani, akina mama wa kanisani walikuwa wamekaa mikekani, vidole viking'aa, na Nerima katikati yao na blanketi jipya mabegani ijapokuwa hakukuwa na baridi. Alikuwa akicheka. Simiyu alikuwa hajamsikia akicheka wiki nzima. Akavuta kigoda, akanawa mikono.

"Wapi?" Nerima akamwuliza.

"Kula."

"Shangazi amesema ni ya mama mkwe na wenzake. Wewe hukuonwa na mtu." Akamwonyesha mlango. "Yako iko ndani, imefunikwa."

Ndani kulikuwa na ugali na sukuma wiki. Simiyu alivinusa, akala, mjukuu amelala pajani, huku nje mifupa ikivunjwa na akina mama wakiimba.

Asubuhi alipofika pale kwa kuoshea magari, wenzake walikuwa wamemwekea nafasi yake kwenye benchi. Ooko akamsogezea chai. "Haya, mwenyekiti, yameisha," akasema. "Sasa sema ukweli. Mbuzi alikuwa na mafuta?"

"Sijui. Sikuonja."

Wote wakamtazama, jicho moja dogo, kichwa upande.

"Hata mfupa?"

"Hata supu."

Shitanda aliweka tambara lake chini, akaja mpaka karibu kabisa, akainama, akamwangalia kati ya meno.